Mama Munyao Wawili Katika Kompyuta Moja

Saa mbili asubuhi, katika ofisi ya kampuni ya kuuza vifaranga mjini Thika. Wilkister Akello anapuliza vumbi kwenye kadi, anaisoma mara mbili, kisha anadonoa herufi za kompyuta kwa kidole kimoja. Kando yake kuna kasha la kadi elfu mbili za wateja wa vifaranga. Zote zinahamia kwenye mashine kabla mwaka huu wa 1996 haujaisha, halafu zitachomwa.

Kadi hizo aliziandika mwenyewe kwa miaka kumi na mmoja, kwa desturi ya hapa: mwanamke huitwa kwa mtoto wake. Kompyuta haijui desturi. Ikikuta majina yamefanana, huuliza kama ni mtu mmoja.

Mwezi Machi iliuliza kuhusu Mama Munyao. Wilkister, huku meneja akimhimiza, akajibu ndiyo.

Kumbe walikuwa wawili, wa Gitothua na wa Ngoliba. Chanjo waliyopewa vifaranga ilipogunduliwa kuwa mbovu, barua ya onyo ya kampuni ilifika Gitothua tu. Ngoliba, vifaranga mia mbili walikufa kwa siku tatu.

"Hiyo kuku ndio ilikuwa karo ya watoto," anasema Wilkister akitazama chini. "Mashine iliuliza. Ni mimi nilijibu."

Inauma kumsikia. Wapo wenye makosa makubwa zaidi wanaolala usingizi mnono.

Jumapili iliyofuata vifo hivyo alikwenda Ngoliba kuomba radhi. Mama Munyao hakumkaribisha kiti.

"Pole yako haitagi mayai," alimwambia.

Wilkister akamwuliza jina lake mwenyewe. Mama akamsogezea kigoda.

"Tangu niolewe hakuna mtu ameniuliza hiyo. Mimi ni Ndunge. Andika vizuri."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi, Wilkister hutia kadi mkobani na kuzunguka vijijini akiuliza majina. Nauli hutoka kwenye mshahara wake wa shilingi elfu nne. Wamebaki akina mama mia tatu na kumi na wawili. Meneja, Bwana Absalom, amesema Desemba ni Desemba: asipomaliza, kadi zitachomwa na kazi yake itakwisha.

"Wacha kazi iende," anasema. "Lakini hakuna kadi itachomwa kabla nipate jina ya mwenyewe."

Kwake Gitothua, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, majirani humwita Mama Mitchell. Anapoulizwa gazeti limwandike vipi, anaweka kadi chini.

"Wilkister Akello. Kuna Mama Mitchell mwingine kwa ploti."