Tangi Jekundu la Papa

Juzi, kwenye kona yetu hapa Kisangani, kijana mmoja alikuwa akipaka pikipiki yake rangi, na ile harufu ikanirudisha uani kwetu, nilipokuwa mtoto.

Mchana mmoja papa, baba yangu, alisugua tangi la moto, pikipiki yake, kwa msasa na maji, akilipapasa taratibu kwa viganja. Kisha akanisogezea mikebe miwili ya rangi.

“Mutoto yangu, nyekundu iko wapi?”

Nikamwonyesha. Alipokwisha kupaka, akauliza, “Kuko fasi nimesahau?”

Nilidhani ananipima kama mwalimu. Nilikagua kila mahali, nikajibu upesi, kwa majivuno.

“Bon,” alisema, akipangusa vidole kwa petroli. “Kesho tonton yako, ndugu yangu, atakuja kuchukua moto hii. Yeye, macho yake bado iko naona njia.”

Nikabaki pale, nikingoja swali lingine.