Shahidi wa Ukuta wa Jikoni

Baba yangu hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kuigonga. Kabla salamu hazijaisha, kidole cha kati kishakunjwa, ko, ko, ko kwenye ukuta wa sebuleni, sikio limeinama, na mwenye nyumba kabaki na mkono wake hewani. Mama, enzi za uhai wake, alipenda kusimulia kwamba hata siku ya posa mchumba huyo aligonga ukuta wa wakwe na kutangaza mbele ya wazee kuwa upande wa kushoto una tofali zilizolegea. Wakamkubalia. Mama alisema walitaka tu aondoke.

Alikuwa mwashi, ila si wa kujenga. Yeye aliitwa nyumba ikishaanza kulalamika: mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, fremu ya dirisha imepinda, ufa umetokea juu ya kona na unashuka kama ngazi kufuata viungo vya matofali. Watu walimwita Daktari wa Kuta. Alijifanya jina halimhusu, lakini ukimwita fundi tu alichelewa kidogo kugeuka.

Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta ilimkera kupita matusi. Kuziba ndiyo ujinga wenyewe, alisema. Ufa ni ukuta unaongea. Ukiuziba kabla ya kuuliza unatoka wapi, umemfunga mgonjwa mdomo kwa sababu kuguna kwake kunakukosesha usingizi. Nimewaona wenye nyumba wakimsikiliza kwa adabu, kisha akigeuka tu wanamtafuta mtu wa plasta.

Kwake kila kitu kilikuwa jengo. Mezani alivunja mfupa wa kuku atuonyeshe uwazi wa ndani na vile vijiti vyembamba vilivyoegemeana, wakati chakula kinapoa. Alinipa yai nilibane kiganjani kwa ncha zake mbili, nikabana mpaka mishipa ikanisimama, wala halikupasuka. Akaniambia nilibane ubavuni, likanimwagikia hadi kwenye kiwiko. Alichuma jani la mpapai akanionyesha kikonyo kilivyo kitupu ndani kama bomba, na bado kinabeba jani pana kuliko sinia, pamoja na upepo wake. Utando wa buibui haukufagiliwa kwetu mpaka amalize kuangalia nyuzi zipi zinabeba na zipi ni za kunasia tu. Nilipokua nikaanza kazi ya kuandika mabango ya maduka, alisimama nyuma yangu akikosoa herufi: hii mguu wake mwembamba, itaanguka. Nilikasirika, maana mimi hasira zangu ziko karibu, na maana mara nyingi alikuwa sahihi.

Na alikuwa na msemo mmoja tuliouigiza nyumbani kwa sauti yake hadi tukachoka: kitu hakianguki ghafla, ni wewe hukuwa unatazama.

Kutazama kwenyewe alikufanya kwa kioo. Alichukua kipande cha kioo cha dirisha, upana wa vidole viwili, akakipachika kukatiza ufa kwa madonge mawili ya saruji, moja kila upande. Juu yake aliandika tarehe kwa rangi nyeupe aliyoiba kwenye makopo yangu. Kioo hakivutiki. Ukuta ukisogea unene wa unywele, kinapasuka. Kikikaa kizima miezi sita, basi ufa ule ni kovu la zamani. Ziba, paka rangi, lala. Kikipasuka, unahesabu kimedumu siku ngapi, unaweka kingine, unalinganisha. Muda ukizidi kufupika, ukuta umeanza kukimbia, na watu watoke. Kioo hicho alikiita shahidi. Alisema katika nyumba nzima ndiye pekee asiye na jamaa.

Sasa nije kwa Bibi, mama yake.

Bibi aliishi peke yake katika nyumba aliyojenga Babu, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Kwa mbele ilipendeza, ina baraza iliyosuguliwa na mlango wa mbao nene, lakini nyumba njema si mlango. Jirani wa upande wa juu wa mteremko alikuwa amechimba shimo la maji machafu karibu na mpaka, na maji yale yakapita chini kwa chini mpaka kwenye msingi wa jikoni. Udongo ule ulikuwa mfinyanzi, unavimba ukilowa na kunywea ukikauka. Ukuta wa jikoni ndio uliobeba boriti kuu ya paa. Upande wa pili wa ukuta huo, chumbani, ndipo kilipokuwa kitanda cha Bibi. Alikisogeza hapo mwenyewe ili joto la jiko la kuni limpashe mgongo.

Baba alipouona ufa alitaka mama yake ahame siku hiyo. Bibi akakataa. Wakavutana wiki nzima, hadi wakakubaliana shahidi ndiye aamue. Baba alikipachika kioo, akaandika tarehe, akasema akipasuka huyu, mama, unahamia kwangu siku hiyo hiyo. Bibi akajibu, "Sawa, baba." Hewala haigombi, na Bibi alikuwa mtu wa hewala nyingi. Angekubali jua lichomoze usiku ilimradi umwache aendelee na shughuli zake.

Mimi nilimtembelea Jumapili. Jumapili moja, miezi miwili na ushei baadaye, alinipokea mlangoni ameshika kile kioo vipande viwili. Alisema sufuria ilikigonga. Alikuwa ameshaokota kingine kwa fundi wa fremu, amekikata kwa saizi, na saruji iliyobaki stoo ameikoroga kwenye kopo. Kilichomshinda kilikuwa tarehe. Alitaka ile ile ya mwanzo, kwa mwandiko wa Baba.

Kuiga mwandiko ndiyo kazi yangu. Nikaandika. Niliamini habari ya sufuria, au niseme niliona ni kazi ndogo kuamini kuliko kubishana. Bibi alichovya kidole kwenye masizi ya jiko akakipaka kioo kipya, maana jikoni mle hakuna kilichokaa wiki bila kupata weusi. Cha zamani alikifunga kwenye kitambaa akakitia katika kopo la biskuti chini ya kitanda.

Mara ya pili hakuhangaika kutaja sufuria. Nilimuuliza kama anajua anachokifanya. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mboga, wala hakuinua macho.

"Nikihamia kwa baba yako nitakuwa mgeni mpaka nife," alisema. "Hapa hata nikifa, nimefia kwangu. Andika, mjukuu wangu, saruji inakauka."

Nikaandika. Baba akawa anakuja kila mwezi, anakiona kioo kizima chenye tarehe yake na moshi wake, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anamwambia mama yake pengine udongo umetulia. Mara ya tatu Bibi hakungoja Jumapili. Jumanne alituma mtu aniambie nifike. Nilikuwa na bango la duka la dawa linalotakiwa kabla ya wikendi. Nikaenda Ijumaa, na haraka zangu. Niliandika tarehe nikiwa nimesimama, nikakipachika kioo mwenyewe kwa sababu mikono ya Bibi siku hizo ilitetemeka, nikanawa, nikaondoka. Masizi nilisahau kupaka.

Jumapili Baba alifika, akatazama, akanywa chai, akarudi nyumbani. Sikuona tofauti yoyote usoni mwake.

Alhamisi, saa nane mchana, ukuta ulianguka. Bibi alikuwa amejilaza baada ya kula. Boriti ilishuka na upande mzima wa paa, na matofali yakaingia chumbani. Watu walifukua kwa mikono na masufuria. Walipomfikia hakukuwa na haja ya haraka tena. Baba alifika amevaa kiatu kimoja. Aliinama akaokota tofali, akalitazama viungo vyake, akaliweka chini taratibu sana, kama mtu anayerudisha kitu dukani.

Kopo la biskuti nililikuta limebonyea upande mmoja, ndani vitambaa vitatu. Nikalificha kwenye mkoba wangu kabla ya kumlilia Bibi, na hilo nalo niliseme, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Watu walisema maneno. Mganga hajigangi, walisema msibani, tena kwa huruma, ambayo ni mbaya kuliko kejeli. Wiki iliyofuata Baba alianza kuzunguka kwenye nyumba zote alizowahi kuzipitisha kuwa salama, akiwaambia wenye nyumba wasimwamini, watafute mtu mwingine. Wengine walimfungia mlango. Zana zake, timazi na pima maji, akazitundika ukutani, uzi wa timazi ukaliwa na mende. Chakula alikula bila kuugusa mfupa. Aliingia nyumba za watu akakaa palepale alipoonyeshwa, mikono mapajani, na ukimuuliza kuhusu ufa anasema yeye hajui kuta.

Miaka minne nikaishi naye hivyo. Nilijua kwamba sentensi moja yangu ingemrudishia macho yake: Baba, hukukosea, ulidanganywa. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na mkia. Ingemwambia mama yake alimdanganya hadi akafa, na binti yake ndiye aliyeshika brashi. Nilimhurumia, halafu nikamkasirikia kwa kunifanya nimhurumie, halafu nikaenda kazini. Niliogopa, basi. Hakuna neno lingine.

Nilipomwona asubuhi moja anapita chini ya mpapai wetu bila kuinua uso, nikashindwa. Nilileta kopo, nikaweka vitambaa vitatu mezani, nikafungua. Vipande sita, vioo vitatu, tarehe moja. Nikamwambia yote, nikianza na sufuria.

Hakushtuka. Alivipanga vioo kwa kidole, akaunganisha kila kipande na mwenzake.

"Kile cha mwisho kilikuwa kisafi," alisema.

Sikumwelewa. Akaniambia kwamba Jumapili ile, alipoingia jikoni, aliona kioo cha miezi minne kinang'aa. Jikoni kwa mama yake hata kijiko kilikuwa na masizi. Alijua papo hapo kuwa kimebadilishwa, na nani kakibadilisha, na kwa nini. Alimgeukia mama yake, na mama yake akamkazia macho huku anammiminia chai.

"Nilikuwa nimechoka kubishana naye," Baba alisema. "Nikasema moyoni, acha leo tunywe chai kwa amani. Jumamosi nitakuja na magogo niegemeze ukuta, nimbebe hata akilia. Nikahesabu nina muda. Kioo kimoja kimepasuka, nikadhani ni kimoja."

Kumbe miaka minne alikuwa hawazi kwamba jicho lake lilikosea. Alijua liliona. Mimi nilikuja na dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, na kwa muda mfupi, naona aibu kusema, nilipata nafuu, kwamba si mimi peke yangu.

Kisha akaninyooshea kioo cha kwanza. Akauliza kilidumu muda gani.

"Wiki kumi na moja," nikasema.

Cha pili?

"Tano."

Alikigusa cha tatu bila kuuliza. Nilihesabu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, toka Jumapili niliyokiandika mpaka Jumanne Bibi aliponiita.

"Siku tisa," nikasema.

Baba aliondoa kidole kwenye kioo. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ile ya zamani, ya kunifundisha, haina hasira hata kidogo, na ningeomba ingekuwa nayo.

"Mtu asiyejua kitu akikuletea namba hizo, za ukuta wa mtu usiyemfahamu, utamwambia nini?"

Nililijua jibu tangu nina miaka saba, tangu yai.

"Nitamwambia atoke leo."

"Ndiyo," alisema Baba. Akavifunga vioo katika vitambaa vyake, kimoja kimoja, akanirudishia kopo.