Mlango Uliovunjwa Othaya

Asubuhi za Othaya zilinuka majani ya chai yanayokaushwa. Harufu hiyo iliteremka kutoka kiwandani, ikachanganyika na moshi wa kuni na udongo mwekundu uliolowa umande, ikaingia hata kwenye sweta yangu ya shule. Nilikuwa na miaka kumi tulipohamia huko kutoka Nairobi. Baba, polisi mzaliwa wa Bungoma, alikuwa amepewa uhamisho, nasi tukamfuata na magodoro yetu juu ya lori, mimi nikilia kama ninayepelekwa kifungoni. Ilikuwa Julai, msimu wa ukungu, na mlima mkubwa wa huko, uliosifiwa sana, hatukuuona kwa wiki nyingi. Lakini kilichonishtua si baridi. Ni watu. Siku chache baada ya kufika, mwanamke muuza viazi ambaye sikuwahi kumtia machoni aliniita sokoni kwa jina langu, Nekesa, akaniuliza kama kikohozi cha mama kimepungua. Nairobi tuliishi ghorofa ya tatu tangu nizaliwe, na fahari ya Mama ilikuwa kwamba hakuna mtu katika jengo lile aliyejua tunakula nini.

Mama hakupapenda Othaya. “Penye wengi pana mengi,” alizoea kusema, kisha akafunga dirisha. Aliyemkera zaidi ni Mama Kariuki, mjane wa nyumba iliyopakana na yetu, mwanamke mrefu aliyevaa mabuti ya mpira mvua na jua, mwenye shamba dogo la chai nyuma ya nyumba. Kila asubuhi alimwongelesha Mama juu ya ua. “Mama Nekesa, leo umechelewa kuamka. Uko sawa?” Mama alijibu kwamba yuko sawa, akaendelea kufagia uwanja kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Ndani ya nyumba alinung’unika, “Huyu anatuhesabia hata pumzi.” Wakati huo Mama alikuwa mjamzito, na Baba alikuwa amepelekwa Doldol, kule kwa wafugaji, kufuatilia wizi wa mifugo. Alipiga simu alipopata mtandao, na hakuupata mara nyingi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nami nilianza kumwona Baba kama fimbo hiyo.

Alasiri moja nilirudi kutoka shule nikakuta mlango wetu umelala uani, bawaba zimeng’oka, mbao zimepasuka karibu na kitasa. Ndani mlikuwa na wanawake watatu. Mmoja alikuwa amepiga magoti akisugua sakafu, na maji katika beseni lake yalikuwa mekundu. Wa pili alikuwa anakunja nguo za mama yangu, hata zile ambazo Mama hakuzianika nje. Wa tatu alikoroga sufuria kwenye jiko letu kama mwenye nyumba. Nilichukua ufagio, nikausimamisha mbele yangu.

“Nekesa, weka hiyo kitu chini,” alisema yule wa jikoni, na ndipo nikamtambua: muuza viazi. “Mama yako ako hospitali. Ako hai. Alianguka, akatoka damu mingi.”

“Nani amevunja mlango?”

“Ni Mama Kariuki, na shoka. Ati leo hakusikia mama yako akifagia. Akabisha, akabisha, akaona hapana.”

Kufagia tu. Nilirudia neno hilo moyoni njia nzima, muuza viazi akinishika mkono hadi hospitalini. Mama alikuwa amelala, uso wake umepauka, midomo imekauka. Mama Kariuki alikuwa ameketi kando ya kitanda na mabuti yake, aproni yake ya kuchumia chai imegandwa na damu. Mtoto hakuishi. Muuguzi alituambia kwamba mama naye angekuwa ameondoka kama angecheleweshwa kidogo. Mama alipofumbua macho hakuuliza habari za mtoto. Nadhani alikwisha kujua. Aliuliza, “Nekesa yuko na nani?” Mama Kariuki akamjibu, “Ako hapa. Amekula,” ingawa nilikuwa bado sijala. Mama aligeuza uso ukutani akalia bila sauti, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa yule mwanamke aliyekuwa akifungiwa dirisha.

Baba alifika kesho yake na vumbi la Doldol kwenye nyusi, akakuta mlango mpya umeshatiwa. Aliulizia fundi kipolisi, nyumba kwa nyumba, ili amlipe, na hakuna aliyekiri. Hata hivyo nisiipake Othaya asali. Msiba wetu ulijadiliwa sokoni kati ya kabichi na karoti, na Mama aliyasikia, na yalimuuma. Udadisi ule ule uliomwokoa ndio uliomtangaza. Alijifunza kuishi na yote mawili, na Baba alipostaafu, ni Mama aliyekataa kuondoka.

Mimi nilirudi Nairobi kutafuta kazi, nikapata nyumba ghorofa ya kumi na moja, yenye lifti na walinzi, na ukimya ninaoulipia kwa hiari. Mwezi uliopita Mama alikuja kunitembelea. Siku ya pili, tukiwa tunakunywa chai, aliweka kikombe mezani. “Huyo mtoto wa jirani analia tangu asubuhi,” alisema. “Ana nini?” Nilimwambia sijui, na kwamba hapa watu hawaulizani. Aliinuka, akatoka kwenye korido akiwa amevaa ndara zangu, akabisha mlango wa watu ambao sijawahi kuwasalimu. Nilibaki nyuma yake nikitamani sakafu inimeze. Mlango ulifunguka mara moja, kana kwamba mtu alikuwa amesimama pale pale nyuma yake. Msichana mwenye macho mekundu alimtazama Mama, asimuulize jina wala alikotoka, akamkabidhi mtoto.