Mkono wa Nyanya Darasani

Mama aliyeketi karibu nami katika ofisi hii ya Lodwar amebeba kibuyu cha maziwa. Harufu ya moshi ya kibuyu hicho imenisahaulisha salamu nilizokuwa nikijizoeza kwa ajili ya mahojiano ya kazi.

Nilipokuwa shule ya msingi, nyanya yangu alikuja darasani na kibuyu kama hicho, kuniletea maziwa niliyosahau nyumbani. Tulikuwa tumefundishwa kwamba mgeni akiingia tunasimama, tunasema kwa pamoja, "Good morning, madam," na hatuketi mpaka atuambie. Nyanya hakujua Kiingereza, na kwake salamu ilikuwa ya mtu mmoja mmoja. Alianzia dawati la mbele, akimpa kila mtoto mkono.

"Ejok?"

Wenzangu walijibu kwa Kiingereza, kwa sababu aliyesema Kiturkana darasani aliadhibiwa. Mwalimu alikuwa akitutazama. Nyanya alipofika kwangu nilikuwa bado sijaamua nitamjibu vipi.

"Ejok?"

"I am fine, thank you, madam."

Hakuniachia mkono mara moja. Kisha aliweka kibuyu juu ya dawati langu, akaenda kwa mtoto aliyefuata.

Jioni, akikamua mbuzi, aliwaambia watu wa nyumbani, "Leo nimesalimiana na mgeni mmoja kule shuleni. Jamani, anafanana na mjukuu wangu!"

Wote walicheka. Nilicheka pia, huku nikiutafuta uso wake nijue kama ulikuwa mzaha, lakini alikuwa ameinamia mbuzi.