Omena Iliyokanyagwa

Juzi sokoni Matayos nilimwona mama mmoja akigeuza omena, dagaa wadogo wa ziwani, juani, na ile harufu ikanirudisha kwenye kisiwa kidogo ambapo boti yetu ilisimama mchana mmoja nilipokuwa mtoto, ili injini ipoe. Shangazi niliyesafiri naye alibaki kivulini na abiria wengine. Mimi, mtoto wa mtaa wa Burumba, mbali na ziwa, nikaenda kuzunguka na msichana wa pale aliyekuwa rika langu. Nyuma ya nyumba za mabati tukakuta kitu kinachong'aa kimetandazwa juu ya nyavu kuukuu. Nilidhani ni takataka za ziwa. Nikakimbia juu yake, nikifurahia mlio wake chini ya viatu, huku yule msichana akinivuta mkono.

Mama yake akatoka. "Ni nani amekanyaga omena yangu?"

Nikamnyooshea kidole bintiye.

Alichapwa kwa kandambili mbele yangu, akinitazama tu. Shangazi akaita, "Kuja haraka, boti inaenda!" nami nikakimbia.

Njia nzima nilijiambia kwamba hakujitetea kwa sababu hakujua Kiswahili. Sasa najua alinyamaza kwa kuwa mgeni ndiye angeaminiwa. Hata jina lake sikuwa nimeuliza.