Mama Alipokimbia Mbio za Saratani

Juzi, nikisubiri roboti, zile taa za barabarani za mtaani Marshalltown, ziwake kijani, walipita watu wakikimbia kuchangia wagonjwa wa saratani. Kati yao alikuwamo mwanamke mwenye kipara. Nikamkumbuka mama.

Nilipokuwa mdogo, mama naye alikimbia mbio kama hizo, akiwa ametoka kumaliza matibabu ya saratani. Mchana ule alinukia dawa ya kuchulia misuli, na vuvuzela zililia mpaka masikio yakaniuma. Mimi na shangazi Mwanaidi tulisimama kando ya barabara. Nilikuwa nimewasikia watu wazima wakisema mama anapambana na saratani, basi nikaamini nayo imo katika mbio zile, imevaa namba kama wengine. Kila aliyempita mama nilimkazia macho.

Mama alifika miongoni mwa wa mwisho, akitembea, ameshika ubavu. "Sharp, mama, sharp!" watu walimshangilia. Mimi nikaangua kilio.

"Unalilia nini, mwanangu? Mamako si amemaliza?" shangazi aliniuliza.

"Wamempita wote. Saratani imemshinda."

Shangazi alitaka kucheka, akashindwa. Mama aliniinamia.

"Nimekimbia ili wenzangu wapate dawa," alisema. "Sikukimbia nishinde."

Sikumwelewa. Nyumbani alinipakulia wali, nikakataa. Alikula peke yake, namba ingali kifuani.

Mwaka haukuisha, saratani ikarudi, tukamzika. Leo nimeshampita mama umri, na najua kwamba jioni ile alichohitaji ni mtu wa kula naye tu.