Mikono Miwili ya Kushoto

Ulikuwa mwaka wa mafuriko. Hapana, nakosea, mafuriko yalikwishapita, maana alama ya maji ilikuwa bado ukutani, usawa wa goti. Basi ni mwaka uliofuata. Mwaka huo fundi cherehani mmoja, waliyemwita Dunia, aligombana na shemeji yake kwa vita vya watu wengine.

Jina hilo alilipata kwa mdomo wake. Ukimpelekea suruali apunguze, utarudi na suruali na habari za ulimwengu mzima. Ukivaa tai mbele yake atakuambia, "Tunajinyonga wenyewe, halafu tunalalamika hatupumui." Mama akimsemesha mwanawe lugha ya kigeni pale mlangoni, Dunia husimamisha cherehani: "Na bibi yake ataongea naye kwa mkalimani?" Wengine walicheka, wengine walinuna, lakini walirudi, kwa sababu mshono wake haukuwa na kasoro.

Mkataji alikuwa shemeji, kaka wa mkewe, mtu wa maneno machache. Walikuwa na mtindo wao. Shemeji akikata mkono wa koti hutamka, "Kulia!" na Dunia, bila kuinua kichwa, huitikia, "Kulia!" Wapita njia walidhani ni mchezo. Haukuwa mchezo, mikono ya koti ikilala mezani hufanana kama mapacha, na macho huchoka.

Ndipo redio ikatangaza kwamba nchi kubwa imeingia nchi ndogo, mbali huko. Dunia akawa upande wa ndogo. Shemeji, ambaye hakuwahi kubishana na mtu, akawa upande wa kubwa.

"Hao wadogo wamezidi uchokozi," alisema.

"Uchokozi? Mtu yuko sebuleni kwake, anamchokoza nani?"

"Kila siku unajua wewe tu, shemeji. Leo na mimi najua."

Wateja wakaona burudani, wakatia kuni. Kufika mwisho wa juma wale wawili walikuwa hawasemeshani. Mke wa Dunia akashika kiuno: "Huko kwenyewe wanajua kama nyinyi mpo?"

"Mama watoto, hayo ni mambo mazito," Dunia akasema.

"Mazito nayaona. Yamewaziba midomo."

Katika kimya hicho likaja koti la baba mkwe, baba yake shemeji mwenyewe. Kitambaa kilikuwa haba, hakikutosha kukunjwa mikono ikatwe pamoja, ikabidi ikatwe mmoja mmoja. Shemeji akakata wa kushoto, hakutamka kitu, akatoka kunywa chai. Dunia akauona mezani, akadhani ni wa kulia. Kuuliza hakutaka, na shemeji hakuwapo. Akajikatia wa kushoto, akashona yote usiku mmoja, kwa hasira.

Mzee alipolivaa, mkono mmoja ulikaa vizuri. Mwingine ukajipinda nyuma kama umeshikwa na polisi.

"Wanangu," mzee akasema, "huu unakwenda sokoni, huu umeghairi."

Hakuna aliyecheka. Mzee alipokwenda zake, shemeji akaweka mkasi mezani. "Shemeji, sema tu ulikata bila kuniuliza. Mimi nitasema sikutamka. Tutafute kitambaa, tufanye kazi."

Alichotakiwa kusema kilikuwa sentensi moja tu. Dunia, mtu wa maneno elfu, akafungua mdomo, na yaliyotoka ni haya: "Ndiyo kawaida ya wakubwa. Wakiharibu, wadogo ndio wakiri."

Shemeji akafunga mkasi wake kwenye kitambaa, akaondoka. Baadaye zikaja habari kwamba anakatia fundi wa mji mwingine.

Dunia hakutulia tena. Alihamisha cherehani dirishani, akairudisha. Alikata mwenyewe, akatamka mwenyewe "Kulia!" akasikia aibu. Redio ilisema mambo mapya na yeye akaanza kutoa maoni, kisha akaishia katikati, kwa kuwa upande wa pili wa meza hapakuwa na wa kubisha.

Siku moja akapanda basi, akamfuata. Alimkuta shemeji amepiga magoti, anapima pindo la gauni la mteja, pini zimejaa midomoni. Shemeji alimtazama, akaendelea kupima. Dunia akasimama kizingitini, kofia mkononi, maneno yote aliyoyapanga njiani yamemkimbia. Likabaki moja lililokuwa likimnyima usingizi.

"Shemeji, vile vita... uliamini kweli uliyoyasema, au ulitaka tu, mara moja, na mimi nikusikilize?"